Wembe, Kikaango na Tasbihi

Mwaka 1535 Peter Beskendorf, kinyozi wa Wittenberg, alimwomba mteja wake amfundishe kusali. Mteja huyo alikuwa Martin Luther, naye akamwandikia kijitabu kizima. Humo anamrudishia kinyozi ufundi wake mwenyewe: macho na akili ya kinyozi hodari havibanduki kwenye wembe, kwani akipiga soga huku ananyoa, atamkata mtu pua au hata koo. Basi sala nayo ipewe akili yote, iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku. (Kinyozi mwenyewe, mwaka uleule, alimchoma mkwewe kisu mezani akamuua, akahamishwa mji. Kijitabu hakikumfanya malaika.)

Luther hamwambii aseme tu yaliyo moyoni. Anampa Amri Kumi, Sala ya Bwana na Imani, yaleyale ambayo watoto wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huyakariri kwa ajili ya kipaimara, kisha anamwonyesha jinsi ya kusokota kila amri kwa nyuzi nne: inanifundisha nini, nishukuru lipi, nitubu lipi, niombe lipi. Halafu anaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: wazo jema likikujia katikati, yaache hayo mengine, nyamaza, usikilize.

Karne iliyofuata, jikoni mwa watawa Wakarmeli wa Paris, Ndugu Lawrence alikuwa na jibu jingine. Huyu alikuwa askari aliyebaki na mguu mbovu, akapangiwa kupika, kazi asiyoipenda kabisa. Kwake saa ya sala na saa ya kazi zilikuwa kitu kimoja. Hata kimanda alikigeuza kwenye kikaango kwa kumpenda Mungu. Wengi tunamkimbilia kwa sababu anaonekana kutuondolea ratiba. Tunasahau kwamba aliishi katika nyumba ambayo kengele ya sala ililia kila siku, na kwamba kwa kauli yake mwenyewe alihangaika miaka kama 10 kabla ya kupata utulivu ule.

Wa tatu ni msafiri Mrusi asiyetajwa jina, ambaye kitabu chake kilichapwa Kazan katika miaka ya 1880. Mzee wake wa kiroho alimwamuru alitaje jina la Yesu, akiomba rehema, mara 3,000 kwa siku, kisha 6,000, kisha 12,000, akihesabu kwa tasbihi, mpaka sala ikaanza kwenda yenyewe na mapigo ya moyo. Mlokole wa kwetu angesema huko ni kukariri, kama anavyomsema bibi Mkatoliki anayehesabu rozari chini ya khanga ndani ya daladala.

Walokole wana sababu zao. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 uliwasimamisha watu mbele ya wenzao watubu kwa maneno yao wenyewe, na wanawake ambao kanisani hawakuwahi kuulizwa neno wakapata kinywa. Lakini kaa leo kwenye maombi ya asubuhi usikilize: “wengi walitamani kuiona siku hii hawakupata nafasi”, “tunaifunika safari hii kwa damu ya Yesu”. Nani asiyeyajua kwa moyo? Sioni kosa, yamebeba watu kwenye misiba na kwenye mabasi ya usiku. Ila tusimcheke bibi wa rozari, kwa maana yeye walau anajua kwamba maneno yake ni ya kuazima.

Kinachokosekana pande zote mbili ni ile ruhusa ya Luther ya kuyaacha maneno. Jumuiyani fungu moja la rozari likiisha linafuata jingine mbiombio. Na kwenye ushirika, mtu akikaa kimya nusu dakika, kiongozi anadhani maombi yamepoa, anaanzisha pambio.