Kiolezo na kisanduku cha utambulisho katika uchoraji wa kiufundi

Katika ofisi nyingi zinazochora ramani za nyumba au vipuri vya mashine, kazi mpya huanza kwa kufungua kazi ya zamani. Mchoraji hutafuta faili la mteja wa mwaka jana, hulihifadhi kwa jina jingine, hufuta kuta na madirisha, kisha huendelea. Dakika chache zimeokolewa, lakini hapo ndipo balaa huanzia. Jina la mteja wa zamani hubaki kwenye kona ya karatasi ya tatu kwa sababu mchoraji alibadilisha la kwanza na la pili tu. Tarehe hubaki ile ile. Tabaka zenye majina yasiyoeleweka, zilizotengenezwa na mtu aliyekwishaacha kazi, huhama mradi hadi mradi, na hakuna anayethubutu kuzifuta maana hajui zinashikilia nini.

Programu za uchoraji wa kiufundi kwa kompyuta, zile tunazoziita kwa kifupi CAD, zina njia ya kuepuka hayo. Njia yenyewe ni kiolezo, na ndani ya kiolezo kuna kisanduku cha utambulisho. Istilahi hizi mbili zinastahili kuelezwa pamoja, kwa kuwa anayeielewa moja bila nyingine hutengeneza kazi nusu.

Kiolezo ni faili linaloandaliwa mara moja ili kila mchoro mpya uanzie humo. Halina ukuta wala nguzo. Kilichomo ni maamuzi: tunachora kwa milimita au kwa inchi, tabaka zetu zinaitwaje, mstari wa ukuta uwe na unene gani, maandishi yawe na kimo gani, karatasi ni ya ukubwa upi, fremu inapita wapi. Katika AutoCAD, programu iliyoingia sokoni mwaka 1982, jina la mchoro wa kawaida huishia na .dwg na la kiolezo huishia na .dwt. Tofauti ya herufi moja, lakini ina kazi kubwa. Ukianzisha mchoro mpya kutokana na .dwt, programu hukupa nakala isiyo na jina, na asili hubaki salama. Ukifungua .dwg ya mwaka jana, unashika asili yenyewe, na ukibonyeza kuhifadhi kabla ya kubadilisha jina, kazi ya mteja wa watu imekwenda.

Neno kiolezo limetokana na kitenzi oleza, yaani kufanya kitu kifuate mfano wa kingine. Fundi cherehani anayekata kitambaa kwa kufuata kipande cha karatasi anaoleza. Ofisini wengi husema templeti, na katika mazungumzo haina ubaya, kila mtu anaelewa. Mshindani halisi wa kiolezo ni kigezo. Wikipedia ya Kiswahili, kwa mfano, hutumia Kigezo kwa kurasa zake za aina hii. Ni neno zuri na lina ukoo wa karibu, kwani kugeza nako ni kuiga. Tatizo ni kwamba matumizi yamelihamisha. Mtu aliyezoea kusikia "vigezo na masharti kuzingatiwa" kwenye kila tangazo la redio, ukimwambia afungue kigezo atafikiria sharti la kutimizwa, hatafikiria faili.

Kwangu mimi hakuna haja ya kuchagua moja na kulitupa jingine. Kiolezo liwe faili, na vigezo viwe yale maamuzi yaliyomo ndani yake. Hapo tunaweza kusema sentensi inayoeleweka na fundi yeyote: weka vigezo vyako kwanza, kisha hifadhi kama kiolezo.

Kigezo cha kwanza, na chenye madhara makubwa kikikosewa, ni kipimo. AutoCAD huja na violezo viwili vya msingi, acad.dwt cha inchi na acadiso.dwt cha milimita. Anayechora nyumba Mwanza au Mombasa anataka cha pili. Akianza na cha kwanza bila kuangalia, ukuta wake wa 4000 utaonekana sawa kabisa kwenye kioo, maana kwenye kioo ni tarakimu tu. Faili likifika kwa mhandisi na programu yake ikalisoma kwa inchi, ukuta wa mita 4 utakuwa wa mita 101.6. Ni mara 25.4, na kosa la namna hii hutafutwa kwa saa nyingi kwa sababu umbo lote limekua pamoja na hakuna kinachoonekana kimepinda.

Baada ya kipimo inafuata karatasi. Tuchukue A3, ambayo printa nyingi za ofisi huimudu. Upana wake ni milimita 420 na kimo 297. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5457 kinataka pambizo ya milimita 20 upande wa kushoto, panapotobolewa ili karatasi iingie kwenye jalada, na milimita 10 pande tatu zilizobaki. Fremu inabaki na milimita 390 kwa 277. Kisanduku cha utambulisho hukaa kona ya chini kulia, ndani ya fremu, na upana wake ni milimita 180. Kwa nini 180? Chukua A4 iliyosimama, yenye upana wa 210, utoe 20 za kushoto na 10 za kulia. Kinachobaki ni 180 kamili. Kisanduku kile kile kinaenea kwenye A4 kutoka ukingo hadi ukingo, na kinakaa bila kuguswa kwenye A3, A1 hata A0. Na karatasi kubwa ikikunjwa vizuri hadi ukubwa wa A4, kona ile ya chini kulia ndiyo inayobaki juu, ili mtu apekue jalada zima bila kukunjua hata karatasi moja. Waliopanga vipimo hivi waliwafikiria watu wanaoshika karatasi kwa mikono.

Kisanduku hiki kichorwe wapi ndani ya programu? Swali hili huwasumbua wanafunzi wengi. Programu hizi zina sehemu mbili: uwanja wa mchoro, ambamo nyumba huchorwa kwa ukubwa wake halisi, na uwanja wa karatasi, ambamo unapanga dirisha la kutazamia nyumba ile kwa skeli unayotaka. Fremu na kisanduku ni vya uwanja wa karatasi, kwa ukubwa wake halisi wa milimita 180. Anayekiweka kwenye uwanja wa mchoro analazimika kukikuza ili kilingane na nyumba. Kwa skeli ya 1:100 kisanduku chake kitakuwa na upana wa mita 18, pengine kuizidi nyumba yenyewe, na siku atakapobadilisha skeli kuwa 1:50 ataanza upya.

Sasa jina la kisanduku. Maofisini kinaitwa taitobloku. Nimesikia pia kichwa cha mchoro, lakini kitu kinachokaa mguuni mwa karatasi hakiwezi kuitwa kichwa bila kumchanganya mwanafunzi. Anwani ya mchoro ingefaa zamani. Leo anwani ni ya posta na ya barua pepe. Bloku nayo ina kazi yake maalumu ndani ya AutoCAD, ni mistari iliyofungwa pamoja ikapewa jina moja, iwe choo, mlango au mti. Kisanduku cha utambulisho kinaeleza kazi yenyewe: kinatambulisha mchoro ni upi, wa nani, nani ameuchora na nani amekubali uende kujengwa.

Kiwango cha ISO 7200 cha mwaka 2004 kinataja mambo manane yasiyoweza kukosekana: mmiliki halali wa mchoro, namba ya utambulisho, tarehe ya kutolewa, namba ya karatasi, jina la mchoro, aliyeidhinisha, aliyeuandaa, na aina ya hati. Skeli haimo katika manane hayo, jambo linalowashangaza wengi, ingawa mchoro wa jengo bila skeli ni wa kurudishwa. Jina la mchoro linapendekezwa lisizidi herufi 25, nafasi zikihesabiwa. "Ramani ya Msingi na Nguzo" ina 25 barabara. Maelezo marefu zaidi yana mstari wake wa chini.

Yanayonigusa zaidi ni yale mawili, aliyeandaa na aliyeidhinisha. Hayawi jina moja. Mchoraji hutia lake, mhandisi au msanifu majengo aliyesajiliwa hutia lake na muhuri wake, na kati yao kuna mtu anayewajibika iwapo boriti itapasuka. Kisanduku kilichoachwa kitupu mahali hapo, au chenye jina lililobaki kutoka mradi mwingine, ni hati isiyo na mwenyewe. Anayetengeneza kiolezo aache nafasi ya kutosha kwa muhuri. Ofisi nyingi hubana nafasi hiyo ili nembo yao ionekane kubwa, na muhuri huishia kupigwa juu ya vipimo vya mchoro.

Juu ya kisanduku, au pembeni yake, hukaa jedwali la marekebisho. Kila badiliko lina herufi, A, B, C, lina tarehe, na lina maneno machache: "nguzo ya pili imesogezwa milimita 300 mashariki". Jedwali hili likidharauliwa, kinachofuata kinajulikana na kila aliyewahi kusimama eneo la ujenzi. Ofisini wameshatoa C, kibandani kwa msimamizi imebandikwa B, na zege linamwagwa kwa B. Karatasi mbili zinafanana kwa kila kitu ila herufi moja kwenye kona. Ndiyo maana herufi hiyo iandikwe kubwa, isomeke kwa mtu aliyesimama, wala isiwe na kimo cha milimita 2.5 kama maandishi ya kawaida.

Na skeli iandikwe pamoja na ukubwa wa karatasi: 1:100 kwa A3. Mtu akiichapa A3 hiyo kwenye A4, mchoro hupungua hadi takriban 1:141, na yeyote atakayeweka rula juu yake atapata urefu wa uongo. Mstari mdogo wa skeli uliochorwa karibu na kisanduku husinyaa pamoja na mchoro, kwa hiyo hausemi uongo.

Kuhusu ujazaji, kisanduku kizuri hakijazwi kwa kufuta maandishi na kuandika mengine. Katika AutoCAD, amri ya ATTDEF hutengeneza nafasi za kujaza. Ukizifunga pamoja na mistari kuwa bloku, kila unapoiingiza programu itakuuliza jina la mradi, namba, tarehe. Programu ya SolidWorks hutenganisha mambo mawili: kiolezo cha mchoro huishia na .drwdot, na umbo la karatasi pamoja na kisanduku chake huishia na .slddrt. Asiyejua hilo hubadilisha kimoja akashangaa mbona kingine hakibadiliki. Nafasi za kujaza za SolidWorks zinaweza kuvuta taarifa kutoka kwenye faili la kipuri chenyewe, hivyo jina huandikwa mara moja tu.

Kwa kijana anayeanza bila fedha ya leseni, FreeCAD ni ya bure na kiolezo chake ni rahisi kukitengeneza kuliko anavyodhani. Sehemu yake ya TechDraw hutumia faili la SVG, aina ile ile inayofunguka kwenye programu ya Inkscape. Unachora fremu na mistari ya kisanduku, unaandika maneno, na kila neno linalotakiwa kubadilika unalipa sifa ya freecad:editable pamoja na jina lake. Ukifungua kiolezo hicho ndani ya FreeCAD, alama ndogo za kijani huonekana penye nafasi hizo; unabofya, unaandika. Na kwa kuwa umekitengeneza mwenyewe, lebo ni za lugha unayotaka: Mchoraji, Mkaguzi, Ameidhinisha, Tarehe, Skeli, Karatasi 3 kati ya 7, Rekebisho.

Lugha hiyo si pambo. Mchoro wa ujenzi Tanzania huishia mikononi mwa msimamizi, fundi mwashi na mkunja nondo, na kwa wengi wao Kiswahili ndicho lugha ya kazi. Neno moja la kona ya karatasi likieleweka vibaya, linaeleweka vibaya kwa zege. ISO 7200 yenyewe inaruhusu nafasi ya msimbo wa lugha, na msimbo wa Kiswahili upo, ni sw.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaofundisha uchoraji vyuoni na kwa wakuu wa ofisi za usanifu ni hili: tengenezeni kiolezo kimoja cha A3 chenye lebo za Kiswahili, kwa milimita, chenye nafasi ya muhuri na jedwali la marekebisho, mkiweke mahali ambapo kila mchoraji anakifikia na mtu mmoja tu anaruhusiwa kukibadilisha. Ni kazi ya alasiri moja.