Mgongano wa maktaba za pamoja

Mgongano wa maktaba za pamoja ni hitilafu inayotokea pale programu kadhaa zinapotegemea matoleo tofauti ya faili moja la msimbo. Kwenye Windows ya miaka ya 1990, programu mpya iliweza kufuta DLL (faili la maktaba ya pamoja) iliyotegemewa na nyingine kwa kuweka toleo lake katika folda ya mfumo.

Linux huweka namba katika jina la maktaba, hivyo libssl.so.1.1 na libssl.so.3 hukaa pamoja bila ugomvi. Balaa huanza anayesakinisha kompaila mpya ya GCC anapoweka LD_LIBRARY_PATH kwa mfumo mzima. Folda zilizotajwa humo hutafutwa kabla ya zile za kawaida, na programu zisizohusika hujikuta zimepakia libstdc++ (maktaba ya C++ ya GCC) isiyo yao. Njia hiyo ya mkato inapendwa kuliko inavyostahili. Ni salama zaidi kusakinisha zana katika folda yake chini ya /opt, kisha kuandika mahali pa maktaba ndani ya programu yenyewe kwa rpath. Amri ya ldd huonyesha maktaba zitakazopakiwa. Isiendeshwe juu ya faili lisiloaminika.