Ufunguo wa Kinamasini

Jani lililoanguka shambani halikai milele. Mvua hulinyeshea, jua hulichoma, na baada ya miezi michache halionekani tena. Limekwisha kuwa udongo. Gogo msituni huoza, na samadi iliyomwagwa mgombani hutoweka. Mambo haya tumeyazoea hata hatuulizi sababu yake. Lakini alikuwapo kijana mmoja aliyelitia jambo hili moyoni, akalifuata kutoka katika udongo mpaka kando ya kitanda cha mgonjwa. Insha hii ni habari ya safari hiyo.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, homa ya mapafu, ambayo wengine huiita kichomi, ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyoua watu wengi sana duniani. Ilimshika mzee na mtoto, na hata mtu aliye katika nguvu zake haikumwogopa. Mgonjwa alitafuta pumzi kama mtu anayezama. Penisilini ilikuwa haijawa dawa bado. Daktari aliweza kukaa kando ya kitanda na kuhesabu pumzi za mgonjwa wake, lakini silaha alizokuwa nazo mkononi zilikuwa chache.

Katika hospitali ya Taasisi ya Rockefeller, mjini New York, alikuwapo daktari mmoja aliyeitwa Oswald Avery. Alizaliwa mwaka 1877 katika mji wa Halifax, nchini Kanada, akaingia katika taasisi hiyo mwaka 1913. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mpole wa tabia, asiyependa makuu. Na sehemu kubwa ya maisha yake aliitoa kwa adui mmoja tu, yaani kijidudu cha homa ya mapafu kiitwacho numokoki. Avery alijua kwamba nguvu ya kijidudu hicho haikuwa katika meno wala makucha, maana hakina. Nguvu yake ilikuwa katika vazi lake. Kila numokoki mwenye kuua amejifunika joho la utelezi, na chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, zinapotaka kumkamata na kumla, hushindwa na joho hilo. Asiye na joho huliwa mara moja.

Je, joho hilo lilifumwa kwa nyuzi gani? Mwaka 1923 Avery na mwanakemia Michael Heidelberger walitoa jibu lililowashangaza wengi: lilikuwa sukari. Haikuwa sukari ya chai, bali sukari ya maungano mengi, ambayo chembe zake ndogo zimeshikana moja kwa moja kama shanga katika uzi mrefu. Numokoki wana aina nyingi, na kila aina ina joho lake. Aina ya tatu ilikuwa mbaya kupita nyingi. Seramu iliyowasaidia wagonjwa wa aina ya kwanza haikuwafaa kitu wagonjwa wa aina hii. Avery akatamani kupata kitu kitakachokata uzi ule wa shanga bila ya kumdhuru mgonjwa, asikipate.

Mwaka 1927 alifika katika taasisi hiyo kijana Mfaransa, René Dubos, mwenye umri wa miaka 26. Hakuwa daktari. Alikuwa amesoma elimu ya udongo katika chuo cha Rutgers, huko New Jersey, chini ya mwalimu Selman Waksman, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi vijidudu vya ardhini vinavyoozesha majani na miti. Avery alimweleza habari ya joho la sukari na jinsi lilivyomshinda. Dubos aliijibu hoja hiyo kwa akili ya mkulima. Kama sukari hiyo isingeweza kuvunjwa na kitu chochote, alisema, basi tangu zamani ingalijilimbikiza duniani ikaufunika uso wa nchi. Haikujilimbikiza, kwa hiyo lazima awepo mahali fulani mdudu anayeila.

Ni rahisi kusema neno kama hilo, bali kulithibitisha ni kazi nyingine. Dubos alikusanya udongo wa namna nyingi. Kisha akatengeneza maji yenye chumvi zinazohitajiwa na vijidudu, lakini chakula pekee alichoweka humo kilikuwa sukari ya joho la aina ya tatu. Shauri lake lilikuwa wazi: mwenye kuweza kuila ataishi na kuzaana, na asiyeweza atakufa kwa njaa. Udongo baada ya udongo ulijaribiwa bila ya mafanikio. Mwishowe, katika udongo uliotoka katika kinamasi cha New Jersey, mahali panapolimwa matunda madogo mekundu yaitwayo kranberi, alimwona mdudu aliyekuwa akimtafuta.

Mdudu huyo alitengeneza kimeng'enya, yaani kitu kinachovunja kitu kingine bila ya chenyewe kuisha, kama mate yanavyoanza kuvunja wanga wa ugali mdomoni. Avery na Dubos walitangaza habari zake mwaka 1930. Walipowatia panya numokoki wa aina ya tatu pamoja na kimeng'enya hicho, panya walipona, na wenzao waliokosa kimeng'enya walikufa. Tena kimeng'enya hakikumwua numokoki. Kilimvua joho tu, na askari wa damu wakaikamilisha kazi. Dubos aligundua jambo jingine la ajabu: mdudu yule akilishwa chakula cha kawaida hakitengenezi kimeng'enya hicho. Ni mpaka akose kitu kingine cha kula ndipo hukitengeneza. Dhiki ilikuwa mwalimu wake.

Pengine msomaji anangoja kusikia kwamba wagonjwa waliponywa kwa dawa hii. La, haikuwa hivyo. Majaribio yaliendelea kwa sungura na kwa kima, lakini kimeng'enya kilikuwa kigumu kusafishwa, tena kilifaa kwa aina moja tu ya numokoki. Kabla kazi haijaisha, dawa za salfa zilitokea katika miaka ya 1930, na baadaye penisilini, nazo zilipiga aina nyingi kwa pamoja. Kimeng'enya cha kinamasini hakikupata kuwa dawa ya hospitali.

Je, kazi ile ilipotea bure? Tutazame matokeo yake mawili, kisha tuhukumu.

La kwanza, Dubos alirudi katika udongo kutafuta mdudu awezaye kuua vijidudu vyenyewe, si kuvivua nguo tu. Mwaka 1939 alitangaza dawa iitwayo tirothrisini. Ilikuwa sumu ikiingia katika damu, lakini ilifaa kwa vidonda vya juu ya ngozi, nayo iliwaonyesha watu kwamba dawa ya moto ni moto. Mwaka 1943 Albert Schatz, mwanafunzi wa Waksman yule yule, alipata streptomisini kutoka katika vijidudu vya udongo, dawa iliyopambana na kifua kikuu, na iliyotumiwa hata katika hospitali zetu za Afrika ya Mashariki.

La pili ni kubwa zaidi. Mwaka 1928 Frederick Griffith, huko Uingereza, aliwatia panya numokoki wenye joho waliokwisha kufa, pamoja na numokoki hai wasio na joho. Panya wakafa, na ndani yao wakaonekana numokoki hai wenye joho! Maiti zilikuwa zimewarithisha walio hai. Lakini urithi huo ulikuwa kitu gani? Avery na wenzake, Colin MacLeod na Maclyn McCarty, waliuchuja kwa miaka. Ilipasa kwanza sukari ya joho iondolewe, mtu asije akasema kwamba hiyo ndiyo mbegu ya urithi. Na aliyeitwa kuiondoa alikuwa kimeng'enya cha kinamasini. Sukari ilivunjwa, na urithi haukudhurika. Vimeng'enya vya kuvunja protini navyo havikuudhuru. Ulipotiwa kitu kinachovunja DNA, ukaharibika. Mwaka 1944 walitangaza kwamba urithi ule umo katika DNA.

Avery alifariki mwaka 1955 bila ya kupewa Tuzo ya Nobel, na kinamasi kile hakikujengewa mnara. Lakini kila mwanafunzi anayesoma leo habari za urithi wa viumbe anakula matunda ya kazi yao. Chombo kilichokosa nafasi hospitalini kilipata kazi yake maabarani, kwa kuwa wenye nacho hawakukitupa. Basi, mwanafunzi, utakapopita shambani ukaona jani linaoza, usilipite upesi. Simama kidogo, uulize ni nani anayelila.