Lugha Mbili katika Programu Moja

Mshahara wa mwalimu, pensheni ya mzee na akiba ya mkulima benki siku hizi huhesabiwa na programu za kompyuta. Nyingi kati ya programu hizo, katika nchi mbalimbali, zimeandikwa kwa lugha mbili zilizochanganywa katika hati moja. Azma ya makala haya ni kueleza mchanganyiko huo ulivyozaliwa, na kwa nini makosa yake ni magumu kuyapata.

COBOL ilianza kubuniwa Marekani mwaka 1959 kwa ajili ya kazi za ofisi. Ni hodari wa kuhesabu na kuchapa orodha, lakini mwandishi alilazimika kueleza hatua kwa hatua jinsi ya kuzifikia kumbukumbu zilizohifadhiwa. Mwaka 1970 Mwingereza Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi na IBM huko San Jose, California, alitoa hoja mpya: data ipangwe katika majedwali, na mtumiaji aseme anachotaka tu, si njia ya kukifikia. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, walitangaza lugha ya kufanya hivyo, SEQUEL, ambayo baadaye iliitwa SQL.

SQL ilijua kuuliza, lakini haikujua kuchapa hati ya mshahara. Kwa hiyo watafiti wa IBM, katika mradi wao wa System R, waliipachika ndani ya lugha zilizokwisha zoeleka, yaani COBOL na PL/I. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kompaila, yule mfasiri anayegeuza maandishi ya COBOL kuwa amri za mashine, haelewi SQL hata neno moja. Ikabidi atanguliwe na mfasiri mwingine, prikompaila. Huyu hutafuta kila palipoandikwa EXEC SQL, na mahali pake huweka amri za COBOL za kuiita hifadhidata. Hati mpya inayotoka kwake ndiyo anayokabidhiwa kompaila.

Tazama matokeo yake. Kwa kuwa prikompaila ameongeza mistari, kosa ulilofanya katika mstari wa 120 laweza kutangazwa kuwa liko mstari wa 310, katika hati ambayo wewe hukuiandika. Ukikosea jina la jedwali, huenda wafasiri wote wawili wakanyamaza. Kosa hilo litangoja mpaka hifadhidata yenyewe iulizwe. Pengine siku hiyo ni mwisho wa mwezi, na watu wanangoja mishahara.

Wahenga walisema: usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Kwanza, jua ni nani aliyelalamika: prikompaila, kompaila, au hifadhidata. Pili, shughulikia lalamiko la kwanza kabla ya mengine, maana END-EXEC moja iliyosahauliwa huweza kuzaa malalamiko mengi ya uongo. Tatu, fungua hati ya kati, usome maneno yaliyo karibu na mstari uliotajwa, kisha uyatafute katika hati yako. Sahihisha huko kwenye asili. Ukisahihisha hati ya kati, prikompaila ataifuta kazi yako atakapoiandika upya. Nne, kagua nukta mbili mbele ya jina la kila kigeu cha COBOL kilichomo ndani ya SQL. Zikikosekana, hifadhidata itadhani umetaja safu ya jedwali.

Katika lugha ya C mambo yamekuwa mepesi kidogo, kwani prikompaila kama ile ya PostgreSQL huandika namba za mistari ya asili ndani ya hati ya kati, na kompaila huzitaja hizo. Hata hivyo hakuna mashine inayojua ulikusudia kusema nini. Kazi hiyo ni ya msomaji mwenye subira, na subira ya kusoma hufundishwa darasani, hata pale pasipo na kompyuta.