Tuhesabu Miche Kabla ya Mashina: Uzazi wa Encephalartos ituriensis

Encephalartos ituriensis ni mmea wa koni, wa ukoo wa kale uliotengana zamani na ule wa misonobari, unaoota juu ya vilima vya matale vinavyochomoza katikati ya msitu wa Ituri. Bamps na Lisowski waliueleza kisayansi mwaka 1990, na baadhi ya vilima hivyo vimo ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996. Kwa kuwa shina lake huishi muda mrefu na huonekana waziwazi juu ya mwamba, mhifadhi hushawishika kuhesabu mashina na kuridhika. Hesabu hiyo inaweza kupotosha: mmea unaweza kuonekana mwingi ilhali kizazi chake kimekwisha kukatika. Kipimo cha haki ni miche iliyoota yenyewe.

Sababu ya kwanza ni jinsia. Katika jenasi nzima ya Encephalartos, kila mmea ni dume au jike, wala jinsia haijulikani mpaka koni itokee, jambo linaloweza kuchukua miaka mingi. Sababu ya pili ni uchavushaji. Msonobari hutegemea upepo. Jenasi hii hutegemea wadudu. Majaribio yaliyofanyiwa Encephalartos villosus nchini Afrika Kusini yalionyesha kuwa wadudu, hasa fukusi, wakizuiwa kuifikia koni ya jike, urutubishaji hukwama. Fukusi wachavushaji wa jenasi hii kwa kawaida hukulia katika koni za dume. Madume yakipungua, nao hupungua. Sababu ya tatu ndiyo yenye hila zaidi: mbegu isiyorutubishwa inaweza kunenepa na kukomaa ganda kama nyingine, ilhali ndani hamna kiinitete. Kwa hiyo hata koni iliyojaa mbegu haitoshi kuwa ushahidi wa uzazi.

Huenda ikajibiwa kwamba spishi nyingi za jenasi hii huchipua kwenye kitako cha shina, hivyo hazihitaji mbegu ili zidumu. Lakini chipukizi ni nakala ya mzazi, tena ya jinsia ileile. Encephalartos woodii, uliopatikana na John Medley Wood mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye, Afrika Kusini, umeenea katika bustani za dunia kwa njia hiyo; mimea yote inayojulikana ni madume, na jike halijapatikana mpaka leo. Wengine watasema mkono wa binadamu unaweza kufanya kazi ya fukusi. Unaweza, bustanini, lakini juu ya vilima vilivyotawanyika katika mkoa ambao usalama wake hutetereka mara kwa mara, huduma ya kila msimu haiwezi kuahidiwa.

Pingamizi la gharama nalo ni dogo, kwa sababu anayepanda kilima kuhesabu mashina anaweza kuinama chini ya majike kutafuta miche. Mkataba wa CITES umeuweka Encephalartos wote katika Kiambatisho cha 1, na hivyo kuzuia biashara ya kimataifa ya mimea iliyong'olewa porini. Lakini sheria hiyo haimrudishi fukusi aliyetoweka. Vivyo hivyo, mmea mmoja uliohamishiwa kwenye parseli ya Nyakasanza, mjini Bunia, unaweza kupendezesha ua kwa miongo mingi bila kuacha mrithi, huku ukiwa umewapunguzia wenzake wa kilimani mwenzi wa kuzaa naye. Ulinzi wa kweli ni ule unaowaacha dume, jike na fukusi mahali pamoja.