Redio, tableti na mama wa kijijini

Wadau, kuna jambo limekuwa likinikereketa tangu shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona. Tuliambiwa watoto watasomea nyumbani kwa redio na televisheni, nasi wa mjini tukalipokea kana kwamba kusoma bila mwalimu mbele yako kumeanza siku ile. Wapi!

Mwaka 1973, Kibiti ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, redio ya taifa ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walisoma kwa wiki 12. Ila angalia ilivyopangwa. Hakuna aliyeachiwa redio akaambiwa haya, jifunze. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu na kiongozi aliyepewa mafunzo. Kipindi kikiisha watu wanajadili, wanabishana, halafu wanaamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa kweli.

Turuke hadi vijiji vya Tanga, mwishoni mwa 2017. Shindano la Global Learning XPRIZE, likishirikiana na UNESCO, WFP na serikali, liligawa tableti kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170. Wengi hawakuwahi kuingia darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 Kitkit School na onebillion wakagawana dola milioni 10. Habari iliyovuma ni kwamba watoto wamejifunza wenyewe. Ni kweli, lakini kila kijiji kilikuwa na mama wa palepale aliyechaji tableti hizo kwa umeme wa jua na kuziangalia. Huyo hatajwi sana.

Sasa njoo delta, upande boti Nyamisati uingie kwenye mikoko kuelekea Mbwera au Maparoni. Mtoto wa huko hahitaji kufundishwa kujifundisha. Anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kugawanya. Anachonga ngalawa ya kuchezea, anaiwekea tanga la kipande cha sandarusi (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019), ikipinduka anarefusha matengo, anajaribu tena. Hakuna anayempa maksi.

Uwezo upo, basi. Lakini vipindi vya 2020 vilikuwa na saa yake, na maji ya kupwa yana saa yake. Betri za redio zinanunuliwa. Na mtoto asipoelewa, amuulize nani? Sikusikia popote mtu akikumbuka vile vikundi vya 1973, wala mama wa Tanga, ambaye alikuwa wa juzi tu.

Shule za msingi zilifunguliwa Juni 29. Oktoba, mtoto wa Mbwera na mtoto wa Sinza wakakalia mtihani uleule wa darasa la saba.