Umbali Baina ya Majirani: Tarehe ya Kuhesabu Watu kwa Rangi na Kabila

Serikali ya Kiingereza, ilipoazimu mwaka 1948 kuwahesabu watu wa Tanganyika kwa sensa iliyo kamili kuliko zote zilizotangulia, haikuwahesabu wote kwa wakati mmoja: Wazungu, Wahindi na Waarabu waliandikwa mwezi wa Februari, na Waafrika wakangojea hadi Agosti; na mwaka 1957 mpango ukawa ule ule, Februari kwa wageni na Agosti kwa wenyeji. Mwenye duka wa Kihindi aliyekaa karibu na stesheni ya Korogwe alikwisha kuwa namba katika daftari la dola, ilhali mchukuzi wake, hata kama alilala chumba cha uani katika nyumba ile ile, alikuwa bado hajahesabiwa, na angeweza kuhama, kufa au kupata mtoto katika miezi sita iliyokuwa baina ya hesabu mbili. Basi kabla ya kuuliza mataifa hayo yalikaa mbalimbali kwa kadiri gani, yafaa ifahamike kwamba daftari lenyewe lilianza kwa kuyatenga.

Nchi iliyokuwa ikihesabiwa ilikwisha kugawanywa zamani. Reli ya Tanga, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902, na mwaka ule ule wa 1893 Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ikasalimika 62 tu. Na kwa miche hiyo michache bonde la Pangani likageuka sura. Mashamba yalitanda kandokando ya reli, kutoka Muheza hadi Mombo na mbele yake, katika nchi za Wabondei, Wazigua na Wasambaa. Kwamndolwa, ambayo leo ni kata mojawapo ya mji wa Korogwe, imo katika mazingira hayo, na jina lake lafanana na majina ya jirani zake katika Korogwe na Handeni, ambayo aghalabu huanza kwa kutaja kwa nani mtu anakwenda.

Wenyeji hawakupenda kazi ya mkonge, wala hawakuwa na dharura ya kuipenda, maadamu walikuwa na mashamba yao ya mahindi na muhogo. Kwa hiyo wenye mashamba walitafuta watu kutoka mbali, na mwaka 1944 chama chao kikaunda SILABU, idara ya kuajiri vibarua, ambayo ilisafirisha watu kwa malori na magari ya moshi kutoka Kigoma, Songea, Njombe na hata nje ya mipaka, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Waliitwa manamba. Walikaa katika kambi zilizojengwa safu kwa safu ndani ya shamba, na desturi ya mashamba mengi ilikuwa kuwaweka watu wa kabila moja pamoja, Waha upande huu, Wabena upande ule, ama kwa kuwa wenyewe walipenda kusikilizana kwa lugha zao, ama kwa kuwa msimamizi aliona ni wepesi kuwaamrisha hivyo. Sababu zote mbili zilikuwapo, na mwandishi anayetaja moja na kuficha nyingine hatendi haki.

Mijini mgawanyo ulikuwa na adabu zaidi katika maneno yake. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirika la Mataifa, na haikuwa rahisi kuandika katika sharia kwamba Mwafrika hana ruhusa ya kukaa mahali fulani. Kwa hiyo kanuni za miji zilisema habari za majengo, si za ngozi. Katika Dar es Salaam eneo la kwanza lilitengwa kwa nyumba za namna ya Kizungu, la pili kwa nyumba za biashara na makazi zilizojengwa kwa vifaa vya kudumu, na la tatu kwa nyumba za udongo na makuti. Asiyekuwa na fedha za mawe na saruji alijikuta ameamuliwa mahali pa kukaa na mfuko wake, na mfuko katika zama zile ulifuata rangi. Baina ya Uhindini na Kariakoo, mtaa wa Waafrika, paliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, kwa hoja ya afya, nao ulifanya kazi ya ukuta pasipo kuonekana kuwa ukuta.

Hapo ndipo kipimo cha utengano kinapoingia. Mwaka 1955, miaka miwili kabla ya sensa ya 1957 ya Tanganyika, wataalamu wawili wa Marekani, Otis Dudley Duncan na Beverly Duncan, walichapisha makala iliyopambanua njia mbalimbali za kupima utengano wa makazi, na baadaye moja iliyo nyepesi ikazoeleka kuliko nyingine. Waliishi karibu na mfano wao, maana katika Chicago ya siku zile sensa ilionyesha weusi na weupe wakikaa mbali kiasi cha kipimo hicho kupita 80 katika 100. Maana ya tarakimu hiyo ni hii: kama mji ungetaka kila mtaa uwe na mchanganyiko ule ule ulio katika mji mzima, basi zaidi ya watu 80 katika kila 100 wa kundi moja wangelazimika kuhama.

Tuchukue shamba la kubuni lenye kambi nne, wenyeji 400 na wageni 200. Kambi ya kwanza ina wenyeji 200 na wageni 10. Ya pili wenyeji 120 na wageni 30. Ya tatu 60 kwa 60. Ya nne wenyeji 20 na wageni 100. Hesabu yataka kila kambi ipewe sehemu yake ya kila kundi. Kambi ya kwanza ina nusu ya wenyeji wote, lakini ina sehemu 5 tu katika 100 ya wageni. Tofauti ni 45. Ya pili tofauti ni 15, ya tatu 15, ya nne 45. Jumla ni 120, na nusu yake ni 60. Wageni 60 katika kila 100 wangehitaji kuhama ili kambi zote zilingane, na wataalamu huhesabu kiasi hicho kuwa utengano mkubwa.

Sasa aje karani mwingine, kwa ajili ya wepesi wa kazi yake, aunganishe kambi ya kwanza na ya nne kuwa kata moja, na ya pili na ya tatu kuwa kata nyingine. Kata ya kwanza itakuwa na wenyeji 220 na wageni 110. Ya pili wenyeji 180 na wageni 90. Kila kata sasa ina sehemu sawa ya makundi mawili, 55 kwa 55 na 45 kwa 45, na kipimo kinaanguka hadi sifuri. Hakuna mtu aliyehama, wala mlango mmoja uliohamishwa. Mstari tu wa ramani umechorwa pengine. Hili si jambo la kuchekesha wanafunzi. Sensa za 1948 na 1957 zilichapisha idadi ya makabila kwa wilaya, na wilaya ni chombo kipana mno: ndani yake Mzigua wa kijijini na Mha wa kambini huonekana kama majirani wa ukuta mmoja.

Kuna na shaka ya pili, nayo ni ya majina. Kipimo hudhani kwamba kundi la leo ndilo la jana, ilhali Unguja na Pemba, kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, watu waliojiandika Waswahili walipungua kwa maelfu, na wengi wakajiandika kwa majina mengine, Washirazi miongoni mwao. Hawakuzikwa wala hawakusafiri. Waliona tu kwamba jina jingine liliwafaa zaidi mbele ya serikali iliyogawa haki, na baadaye hata chakula cha mgawo wakati wa vita, kwa kufuata jina la taifa. Hesabu ikifanywa kwa majina yanayotembea namna hiyo, tarakimu yaweza kupanda na kushuka huku watu wamelala katika vitanda vyao.

Baada ya uhuru, sensa ya Agosti 1967 iliwahesabu watu wote pamoja, nayo ikauliza kabila, na pia dini. Ilikuwa mara ya mwisho. Mwaka ule ule Azimio la Arusha lilitangazwa na mashamba mengi ya mkonge yakaingia mikononi mwa dola, na kuanzia sensa ya 1978 maswali hayo yaliondolewa katika karatasi za makarani. Mwaka 2012 baadhi ya jumuiya za Waislamu zilidai swali la dini lirudishwe, hata wakawapo waliokataa kuhesabiwa, lakini serikali haikukubali. Kenya ilishika njia nyingine: huuliza kabila mpaka leo, ingawa matokeo ya makabila ya mwaka 1999 hayakutolewa, jambo linaloonyesha kwamba kuuliza na kusema ni mambo mawili. Mimi naona Tanzania ilichagua vema kwa siasa ya zama zile, na kwamba uchaguzi huo una gharama, nayo ni kuwa mtafiti anayetaka kujua kama safu za kambi za Korogwe zilichanganyika baada ya manamba kuzeeka na kuoa huko huko hana daftari la kufungua. Hubaki kuwauliza wazee, na wazee hujibu kwa majina ya watu.

Handeni inatoa kisa ambacho kipimo cho chote kingepata taabu nacho. Miaka ya 1990, vita vya Somalia vilipowatawanya watu, walifika huko wakimbizi ambao babu zao walichukuliwa kutoka pwani hii katika karne ya kumi na tisa wakapelekwa bonde la Juba, nao walikuwa bado wanasema Kizigua. Waliwekwa kwanza Mkuyu, kisha tangu 2003 katika makazi ya Chogo, na wengi wao baadaye walipewa uraia. Karani angeliwaandika nini? Kwa pasi walikuwa Wasomali, kwa ulimi Wazigua, na kwa makazi walikaa peke yao katika kijiji kilichopangwa na shirika la wakimbizi.

Sensa ya Agosti 2022, iliyopata watu 61,741,120, haikuuliza kabila la mtu ye yote, lakini iliuliza paa ni la nini, sakafu ni ya nini, maji yatoka wapi na taa yawashwa kwa nini, na makarani waligawiwa maeneo madogo ya kuhesabia, madogo kuliko kata. Kipimo cha akina Duncan hakichagui makundi. Mtu aweza kuweka nyumba zenye umeme mahali pa wenyeji na zisizo nao mahali pa wageni, akaipima Kwamndolwa eneo kwa eneo, akaipima na Manundu na Old Korogwe kwa namna ile ile. Sharti lake ni moja, kwamba asitumie tarakimu za kata, bali za maeneo yale madogo, na hizo huombwa katika Ofisi ya Taifa ya Takwimu.